C.V. Raman: Mhasibu wa serikali aliyegundua mwanga unaosaka sukari mwilini bila sindano

Anayeishi na kisukari anaijua vizuri ile shughuli ya kujitoboa kidole, wengine mara kadhaa kwa siku. Miaka nenda rudi watafiti wanahangaika kupima sukari kwa kumulika ngozi tu, bila tone la damu.

Moja ya njia zinazotiliwa matumaini ina jina la mtu: Raman. Na huyu Raman hakuwa daktari. Ajira yake ya kwanza ilikuwa uhasibu.

Chandrasekhara Venkata Raman alizaliwa Novemba 7, 1888 huko Tiruchirappalli, kusini mwa India, enzi za ukoloni wa Mwingereza. Darasani alikuwa moto. Mwaka 1906, akiwa bado mwanafunzi, makala yake ya kwanza ya kisayansi ilichapishwa kwenye jarida la London.

Vijana wenye akili wakati ule walikwenda kusoma Uingereza. Daktari wa serikali akamzuia: afya yake isingehimili hali ya hewa ya kule. Na nyumbani sayansi haikuwa na ajira. Basi akafanya mtihani wa Idara ya Fedha, akafaulu, na mwaka 1907 akapelekwa Calcutta (leo Kolkata).

Siku moja akiwa kwenye tramu akaona kibao cha taasisi ya sayansi ambayo maabara zake zilikuwa kama zimelala. Akaomba ruhusa ya kuzitumia. Kwa miaka mingi ikawa hivyo: alfajiri maabara, mchana hesabu za serikali, jioni maabara tena.

Mwaka 1917 Chuo Kikuu cha Calcutta kikampa uprofesa wa fizikia. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa serikalini, tena kwa mbali. Akaacha kazi ya serikali hivyo hivyo. Wangapi leo wangethubutu?

Bahari ya bluu

Mwaka 1921 alikwenda Ulaya kwa mara ya kwanza. Akiwa melini, rangi ya bluu ya Bahari ya Mediterania ikamsumbua. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba bahari inaakisi tu rangi ya anga. Raman akatoa kipande chake cha kioo maalumu, akaondoa ule mng'ao wa anga juu ya maji. Bluu ikabaki pale pale. Maana yake maji yenyewe yanatawanya mwanga.

Akarudi Calcutta na swali hilo. Yeye na wanafunzi wake, hasa K.S. Krishnan aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ya maabara, wakawa wanapitisha mwanga wa rangi moja kwenye vimiminika vya kila aina na kuangalia unaotoka pembeni.

Karibu wote ulitoka na rangi ile ile. Lakini sehemu ndogo mno ilitoka imebadilika rangi. Hilo lilithibitishwa Februari 28, 1928, na mpaka leo India huadhimisha tarehe hiyo kama Siku ya Sayansi ya Taifa.

Sababu ni kwamba molekuli hutikisika, kila aina kwa mtindo wake. Mwanga ukiigonga, sehemu kidogo huondoka na alama ya mtikisiko huo, kama alama ya kidole. Maji yana yake, mafuta yana yake, glukosi nayo ina yake.

Nobel ya fizikia ikaja mwaka 1930, Mwasia wa kwanza kuipata kwenye sayansi. Krishnan hakupewa mgawo. Huko Moscow pia, Landsberg na Mandelstam walikuwa wameona jambo hilo hilo kwenye fuwele, ila walichelewa kuchapisha.

Kwa nini saa yako haiwezi

Kwa nadharia ni rahisi: mulika ngozi kwa leza, tafuta alama ya glukosi. Shida ni kiasi. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya ina sukari kama kijiko kimoja cha chai. Mwanga unaobadilika rangi nao ni hafifu ajabu, na ngozi yenyewe ikimulikwa hutoa mwanga wake unaoufunika.

Mwaka 2020 watafiti wa MIT na Samsung walitangaza kuiona alama ya glukosi moja kwa moja kupitia ngozi. Ngozi ya nguruwe, na kwa mtambo wa maabara.

Ndiyo maana Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu wasitumie saa au pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Haikuwa imeidhinisha hata moja. Kipimo kikidanganya, mgonjwa anaweza kujidunga insulini kupita kiasi na kufa ndani ya saa chache.

Raman mwenyewe alihamia Bangalore mwaka 1933 kuwa mkurugenzi wa kwanza Mhindi wa Taasisi ya Sayansi ya India. Alikuwa mbishi, akagombana na wakubwa, na mwaka 1937 akauachia ukurugenzi. Mwaka 1948 akaanzisha taasisi yake mwenyewe.

Leza, iliyokuja kuupa ugunduzi wake nguvu mpya, ilitengenezwa mwaka 1960 yeye akiwa na miaka 71. Alifariki Novemba 21, 1970, na mwili wake ukachomwa kwenye bustani ya taasisi hiyo.