MAISHA YA JAMES CHAPIN NA UNYOYA WAKE MOJA

Mara hii tumechagua maisha ya mutu aliyejifunza ndege wa inchi yetu, juu alipofika hapa alikuwa kijana karibu sawa sisi wa mwaka wa mwisho.

James Chapin alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1889. Tangu utoto alipenda kutazama ndege. Mwaka 1909, akiwa na miaka 19 tu, nyumba ya makumbusho ya muji ule ilimutuma Kongo pamoja na mukubwa wake, Herbert Lang. Walifanya kazi kaskazini-mashariki, kule Avakubi, Medje na Faradje, mpaka 1915. Walikusanya ndege zaidi ya 6,000. Lakini Chapin hakukusanya tu. Aliandika pia ndege anakula nini, anajenga kiota wapi, anataga mayai wakati gani.

Mwaka 1913, kule Ituri, aliona unyoya mrefu wa bawa, wenye mistari, katika kofia ya mwenyeji mumoja. Akauchukua. Aliulinganisha na ndege wote aliowajua, wala hakuna aliyefanana naye. Mutu mwingine angeutupa. Yeye aliuweka.

Miaka ikapita. Mwaka 1932 alitoa kitabu chake cha kwanza juu ya ndege wa Kongo. Kazi yote ni vitabu vinne, na cha mwisho kilitoka 1954. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1936, alikwenda Ubelgiji katika makumbusho ya Tervuren. Huko akaona ndege wawili waliokaushwa, wamesahauliwa juu ya kabati. Kibandiko kilisema ni tausi wa India, wangali wadogo. Chapin alipomutazama jike, akaona mabawa yake: ni unyoya wake ule ule! Miaka 23 ilikuwa imepita. Mwaka ule ule alimutangaza ndege kwa jina Afropavo congensis, ni kusema tausi wa Kongo. Wataalamu walishangaa, juu tausi wengine wote waliojulikana walikuwa wa Asia. Mwaka 1937 alirudi Kongo na kupata wengine, wa musituni kweli. Alikufa New York mwaka 1964.

Ndege huyu anaishi katika musitu mukubwa, si kwetu Kolwezi. Dume ni wa buluu ya giza, na kishungi cheupe kichwani. Jike ni wa kahawia, na mugongo wa kijani. Habari nyingi za kutaga kwake zilipatikana kwa wale waliofugwa, juu kiota chake musituni ni vigumu kukiona. Jike anapenda kutaga mahali palipoinuka, mayai matatu ao mane, anayalalia siku 26 hivi. Dume naye anasaidia kulinda watoto.

Sasa, ndugu, tufikiri kidogo. Mwenye kofia ile hakungoja 1936. Watu wa musitu walimujua ndege ule tangu zamani, walimuwinda na kumula. Ni vitabu njo havikumujua. Wazee walijua, lakini hakuna aliyewauliza vizuri na kuandika, na sifa ikaenda kwa mugeni. Leo musitu ule unakatwa, watu wanachimba madini ndani yake na kutega mitego, na tausi wanapunguka.

Kwetu pia miti inakwisha kwa makala na migodi. Hata hivyo, kando ya Lualaba na mabwawa, ndege wadogo wa manjano wangali wanasuka viota vyao juu ya maji. Nani kati yetu anajua wanaanza mwezi gani? Wadogo wetu wa mwaka wa kwanza, muweke manati chini. Mukiona kiota, musikiguse. Mutazame, muulize wazee jina la ndege, muandike tarehe katika daftari. Kazi hiyo haiombi feza, inaomba paka macho na uvumilivu.