Padre James Dixon: Mfungwa Aliyeadhimisha Misa Sydney

Mwezi Agosti 1799, meli iitwayo Friendship iling'oa nanga katika bandari ya Cork, kusini mwa Ireland, ikiwa na wafungwa waliohukumiwa uhamisho hadi New South Wales, koloni la Waingereza huko Australia. Miongoni mwao alikuwemo padre wa Kanisa Katoliki, James Dixon.

Alizaliwa mwaka 1758 huko Castlebridge, wilaya ya Wexford, akasomea upadre Salamanca na Louvain, kisha akawa paroko msaidizi Crossabeg. Maasi ya mwaka 1798 dhidi ya utawala wa Kiingereza yaliposhindwa, alikamatwa na kuhukumiwa kifo, adhabu iliyobadilishwa kuwa uhamisho. Jamaa yake, Thomas Dixon, alikuwa mmoja wa viongozi wa waasi, na wengi wanaona kwamba padre huyu aliponzwa na undugu.

Safari ilichukua karibu miezi sita. Katika meli za namna hiyo wafungwa walilala chini ya sitaha, wakibanana gizani, wakila nyama ya chumvi na mikate mikavu. Miaka kumi tu kabla yake, msafara wa pili wa wafungwa ulikuwa umepoteza takriban robo ya watu wake njiani. Friendship haikufikia maafa hayo, ingawa nayo iliwazika baharini baadhi ya abiria wake.

Lakini kwa padre, mateso mazito zaidi pengine yalianza baada ya kutia nanga. Wakatoliki wa koloni walikuwa wengi, hasa Waairishi, nao walilazimishwa kuhudhuria ibada za Kianglikana. Kwa miaka mitatu Padre Dixon aliishi katikati yao bila ruhusa ya kuwaadhimishia Misa hadharani.

Mwezi Aprili 1803, Gavana Philip Gidley King alimpa ruhusa hiyo, kwa masharti: padre awajibike kwa mwenendo wa waamini wake, askari wawepo, na watu warudi nyumbani mara Misa iishapo. Tarehe 15 Mei 1803 alitolea Sadaka Takatifu mjini Sydney. Inasimuliwa kwamba kalisi ilikuwa ya bati na mavazi ya Misa yalishonwa kwa mapazia makuukuu. Baadaye alihudumu kwa zamu Sydney, Parramatta na Hawkesbury, na mwaka 1804 Roma ikamteua kuwa Prefekti wa Kitume wa New Holland, jina la Australia wakati huo.

Mwaka huohuo, usiku wa tarehe 4 Machi, wafungwa wa Castle Hill waliasi. Padre Dixon alichukuliwa na wanajeshi ili awasihi wasalimu amri. Hawakumsikiliza. Viongozi wao walikamatwa wakati wa mazungumzo, risasi zikafyatuliwa, na mahali pale pakaitwa Vinegar Hill, jina la kilima cha Wexford ambako wenzao walishindwa mwaka 1798. Mchungaji aliyejaribu kuzuia damu isimwagike alipoteza kila kitu: ruhusa ya Misa ilifutwa, na posho yake pia. Hata hivyo aliendelea kuwahudumia waamini faraghani.

Afya ilipodhoofu alirudi Ireland, akawa paroko wa Crossabeg, na huko alifariki tarehe 4 Januari 1840. Koloni lilikaa miaka mingi bila padre aliyeruhusiwa, hadi mwaka 1820, walipofika Padre John Joseph Therry na Padre Philip Conolly, wakiwa ndani ya meli ya wafungwa.