Yohani Lauwo, Kiongozi wa Mlima Kilimanjaro

Yohani Kinyala Lauwo alikuwa Mchaga wa Marangu. Watu wa ukoo wake waliujua msitu wa mlimani, kama sisi wa Kiongoroni tunavyoijua mito ya mikoko.

Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alifika Marangu. Alitaka kupanda Kilimanjaro. Wazee husimulia kwamba kijana Lauwo alikuwa ameshitakiwa kwa Mangi Marealle, kwa kukwepa kazi ya barabara. Hapo aliamriwa kuwaongoza wageni. Alipanda bila viatu, amejifunika blanketi.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Meyer na mwenzake Purtscheller walifika kileleni, mita 5,895. Majina yao yaliandikwa vitabuni. Lauwo hakujulikana mbali. Hata hivyo aliendelea kuongoza wageni kwa miaka mingi.

Mwaka 1989, ilipotimia miaka 100, ndipo alipokumbukwa na kuheshimiwa. Alifariki mwaka 1996. Husemwa kwamba umri wake ulizidi miaka 120.

Maswali
1. Lauwo alishitakiwa kwa kosa gani?
2. Kwa nini majina ya wageni yalijulikana kwanza?
3. Ni mzee gani kijijini kwetu anayeijua mito vizuri? Andika habari zake.