Dobzhansky, mtaalamu aliyesahihishwa na inzi

Msikilizaji, leo tunamkumbuka Theodosius Dobzhansky, aliyezaliwa mwaka 1900 katika Ukraine ya leo na kuhamia Marekani mwaka 1927.

Huko California aliwanasa inzi wadogo wa milimani, jamii moja na wale wanaozunguka ndizi mbivu, akapima kromosomu zao, yaani nyuzi zinazobeba jeni za urithi. Nyingine zilikuwa na kipande kilichogeuka: jeni zilizopangwa 1-2-3-4-5 zikawa 1-4-3-2-5.

Mwanzoni aliamini kugeuka huko hakumfaidishi wala kumdhuru inzi. Hesabu zikamsuta. Mpangilio mmoja ulipungua kuanzia Machi hadi Juni, kisha ukaongezeka tena majira ya joto. Akafuga inzi kwenye masanduku: penye joto mpangilio huo uliwazidi wenzake, penye baridi hali haikubadilika. Akakubali kwamba alikosea. Mazingira huchagua nani azaliane zaidi, na mabadiliko huonekana ndani ya miezi michache tu.

Alifariki Desemba 1975. Kromosomu za namna hiyo zinachunguzwa leo hata kwa mbu wa malaria wa Afrika, ambao baadhi yao humudu ukame kuliko wengine.