Thomas Midgley: Mhandisi aliyeihamisha hatari kutoka jikoni hadi angani

Alitafuta gesi isiyoua watu majumbani, akaipata. Miaka 30 baada ya kifo chake, dunia ikabaini kwamba gesi hiyo ilikuwa ikiharibu tabaka la ozoni. Maisha ya mhandisi huyo Mmarekani yanamhusu hata leo kila anayefungiwa kiyoyozi nyumbani kwake.

Alfajiri ya Oktoba 15 mwaka 2016, baada ya mazungumzo yaliyokesha usiku kucha, wajumbe wa mataifa karibu yote ya dunia walikubaliana mjini Kigali, Rwanda, kupunguza hatua kwa hatua matumizi ya gesi zinazotiwa kwenye majokofu na viyoyozi. Makubaliano hayo yanajulikana kama Marekebisho ya Kigali, nayo yalianza kutumika Januari mosi mwaka 2019. Wengi waliofuatilia habari hizo walifahamu kwamba mkutano ulihusu ongezeko la joto duniani. Wachache walijua kwamba chanzo cha safari iliyoishia Kigali ni maabara moja ya jimbo la Ohio, na mtu aliyefariki dunia mwaka 1944.

Mtu huyo ni Thomas Midgley. Alizaliwa Mei 18 mwaka 1889 katika mji mdogo wa Beaver Falls, jimboni Pennsylvania, na kukulia Columbus, Ohio. Baba yake naye alikuwa mvumbuzi, na mazungumzo ya mashine hayakuwa mageni katika nyumba yao. Mwaka 1911 alihitimu uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell. Kemia, taaluma iliyompa sifa, hakuisomea kama fani yake. Aliisoma akiwa kazini, kwa kujaribu na kukosea.

Mwaka 1916 aliajiriwa mjini Dayton katika maabara ya Charles Kettering, mhandisi aliyekuwa mashuhuri tayari, na ambaye baadaye aliongoza utafiti wa kampuni ya magari ya General Motors. Kettering alimkabidhi tatizo lililowasumbua watengenezaji wote wa magari: injini zilikuwa zikigonga. Mafuta yaliwaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, nguvu ikapotea na vyuma vikaharibika. Midgley na wenzake walijaribu kitu kimoja baada ya kingine. Baadhi kilitoa harufu mbaya iliyoganda kwenye nguo na ngozi za watafiti. Mnamo Desemba mwaka 1921 wakafikia dawa ya kimiminika iliyotokana na madini ya risasi. Kiasi kidogo tu ndani ya petroli kiliikomesha injini kugonga.

Risasi na kiburi cha mvumbuzi

Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo la siri. Madaktari walilijua tangu enzi za kale. Hata hivyo petroli mpya ilianza kuuzwa mjini Dayton Februari mwaka 1923, na jina la biashara iliyopewa halikutaja risasi hata kidogo. Midgley mwenyewe alikuwa amekwisha kudhurika. Mwanzoni mwa mwaka huo alilazimika kuacha kazi na kwenda Florida kupumzika, kwa sababu mvuke wa risasi ulikuwa umemwingia mwilini.

Mwaka uliofuata mambo yalizidi kuwa mabaya. Mnamo Oktoba 1924, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Bayway jimboni New Jersey, wafanyakazi walianza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Watano walifariki na wengine wengi walilazwa hospitalini. Ili kutuliza hofu, Midgley aliitisha waandishi wa habari, akanawa mikono kwa dawa ile mbele yao na kuvuta mvuke wake kwa takriban dakika moja. Alitaka waamini kwamba haina madhara. Hakuwaeleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuuguzwa sumu hiyohiyo.

Mauzo yalisimamishwa mwaka 1925. Mwanzoni mwa 1926 kamati ya wataalamu ilisema haikuona sababu ya kutosha ya kupiga marufuku, na biashara ikaendelea. Kwa miongo mingi baadaye, watoto wa mijini duniani kote walivuta hewa yenye risasi, sumu inayodhoofisha ukuaji wa ubongo. Barani Afrika, mataifa ya kusini mwa Sahara yalifikia hatua ya kuachana na petroli hiyo mwaka 2006. Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa ajili ya magari, iliacha mwaka 2021.

Jokofu lililoua usiku

Uvumbuzi wa pili wa Midgley ulianza kwa nia iliyo njema zaidi. Katika miaka ya 1920 jokofu la umeme lilikuwa limeanza kuingia majumbani nchini Marekani, lakini gesi zilizozunguka ndani yake zilikuwa za kutisha. Kulikuwa na amonia, kulikuwa na gesi ya salfa, na kulikuwa na kloridi ya methili, ambayo harufu yake hafifu haikumwamsha aliyelala. Bomba lilipopasuka usiku, familia nzima iliweza kufa kabla ya kupambazuka. Wako waliolitoa jokofu jikoni na kuliweka nje, uani.

Mwaka 1928 Kettering alimtaka Midgley atafute gesi isiyo na sumu, isiyowaka moto na inayofaa kupooza. Midgley, akishirikiana na Albert Henne na Robert McNary, aliikagua upya orodha ya elementi na kuamua kuitazama florini, elementi ambayo wengi waliiogopa kwa ukali wake. Waliiunganisha na kaboni na klorini. Kisha wakamweka simbilisi ndani ya chombo chenye gesi hiyo na kusubiri. Mnyama hakufa, wala hakuonyesha dalili ya kudhurika.

Jaribio hilo lilikuwa na siri yake. Watafiti walikuwa na chupa tano za kemikali waliyoitumia kutengenezea gesi. Waliporudia jaribio kwa chupa nyingine, simbilisi alikufa. Uchunguzi ulibaini kwamba chupa nne kati ya tano zilikuwa na maji yaliyojificha ndani ya chumvi yake, na maji hayo yalizalisha fosjini, gesi ya sumu iliyotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza. Ile moja safi ndiyo waliyoianza kwa bahati. Kama wangeanza na nyingine yoyote, huenda wangeiacha njia hiyo kabisa. Midgley alilisimulia tukio hilo baadaye bila kuficha sehemu ya bahati katika ushindi wake.

Mnamo Aprili 1930, mbele ya mkutano wa wanakemia wa Marekani mjini Atlanta, aliivuta gesi hiyo mapafuni na kuipuliza taratibu juu ya mshumaa uliokuwa ukiwaka. Mshumaa ukazimika. Kwa pumzi moja alionyesha kwamba gesi haiui na haiwaki. Safari hii hakuwahadaa watazamaji wake. Ndani ya chumba kile, yote aliyoyaonyesha yalikuwa kweli.

Gesi hiyo ilipewa jina la biashara la Freon. Iliingia katika majokofu, kisha katika viyoyozi, makopo ya kupulizia dawa na manukato, hata vifaa vya wagonjwa wa pumu. Vifo vya usiku vilivyotokana na jokofu vilipungua, na hilo ni jambo ambalo historia haiwezi kumnyima Midgley.

Mwisho wake, na yale asiyoyaona

Heshima zilimfuata. Alitunukiwa nishani za juu kabisa za kemia nchini mwake, alimiliki hataza zaidi ya 100, na mwaka 1944 alikuwa rais wa Jumuiya ya Kemia ya Marekani. Lakini mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 51, alishikwa na polio na kupoteza nguvu za miguu. Akajibuni mtambo wa kamba na kapi wa kumwinua kitandani. Novemba 2 mwaka 1944, nyumbani kwake Worthington, Ohio, alikutwa amekufa, shingo yake ikiwa imenaswa na kamba za mtambo huo. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Alikufa bila kujua. Mwaka 1974 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Mario Molina na Sherwood Rowland, walionyesha kwamba gesi hizo, kwa kuwa hazivunjiki kwa urahisi, hupanda hadi tabaka la juu la anga. Huko mionzi ya jua huzivunja, klorini huachiliwa, na chembe moja ya klorini huweza kuharibu maelfu ya chembe za ozoni zinazotukinga na mionzi mikali. Utulivu uleule uliomfanya simbilisi apone ndio ulioipa gesi muda wa kufika juu. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya bara la Antaktika ilikuwa imepungua kwa kiwango cha kutisha. Miaka miwili baadaye, Septemba 16 mwaka 1987, Itifaki ya Montreal ilitiwa saini, na gesi za Midgley zikaanza kuondolewa.

Nyingi kati ya zilizochukua nafasi yake hazina klorini na haziigusi ozoni, lakini huzuia joto angani kwa nguvu kubwa. Kilo moja ya gesi inayoitwa R-410A, iliyozoeleka katika viyoyozi vya majumbani, huongeza joto la dunia takriban sawa na kilo 2,000 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. R-32, inayochukua nafasi yake, ni takriban 675. Hapo ndipo Kigali ilipoingia.

Kazi iliyobaki mikononi mwa fundi

Mikataba hutiwa saini na mawaziri, lakini gesi hutoka au hubaki ndani ya bomba kwa kazi ya fundi. Kiyoyozi cha sehemu mbili, moja ndani ya chumba na nyingine nje ya ukuta, hufika nyumbani kikiwa hakijakamilika. Ndivyo zilivyo pia pampu za joto, yaani zile zinazoweza kugeuza mzunguko wake na kupasha chumba wakati wa baridi. Ni fundi anayeunganisha mabomba ya shaba, na kila kiungo ni mahali ambapo gesi inaweza kuvuja.

Kazi iliyo sahihi ina mpangilio wake. Kwanza mabomba hujazwa nitrojeni kavu kwa shinikizo ili kuona kama yanavuja. Oksijeni haitumiki kamwe, kwani ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka. Baada ya hapo pampu ya kuvuta hewa huondoa hewa na unyevu wote, na geji hutazamwa kwa muda ili kuthibitisha kwamba hakuna kinachorudi ndani. Ni baada ya hatua hizo tu ndipo vali za gesi hufunguliwa. Unyevu ukibaki, huungana na mafuta na gesi kutengeneza asidi inayoila kompresa polepole. Maji yaliyojificha, yaliyokaribia kumpotosha Midgley maabarani, bado ni adui wa fundi wa leo.

Kuna mafundi wanaoiruka pampu na kusukuma hewa nje kwa kuachia gesi kidogo kutoka kwenye mashine. Huokoa muda, lakini huacha unyevu ndani ya mabomba na kutupa angani gesi ambayo mataifa yalikesha Kigali yakiijadili. Tena R-32 huweza kushika moto, hivyo haifai kuachiwa karibu na mwali wala ndani ya chumba kilichofungwa. Upande wa umeme, mashine inahitaji njia yake yenyewe, swichi ya kukata umeme inayolingana na nguvu yake, na waya wa kupeleka umeme ardhini. Gesi ya zamani nayo haipaswi kuachiwa hewani mashine inapobadilishwa. Huvutwa na kuhifadhiwa ndani ya mtungi.

Msikilizaji anayejiandaa kuweka kiyoyozi ana haki ya kumuuliza fundi wake, kabla ya kumlipa, kama amekuja na pampu ya kuvuta hewa na geji, na atatumia nitrojeni kupima viungo. Swali hilo ni dogo, lakini jibu lake hutenganisha kazi ya miaka mingi na kazi ya msimu mmoja.

Midgley aliupima usalama wa gesi yake kwa simbilisi, kwa mshumaa na kwa mapafu yake mwenyewe. Mwaka 1930 hakuna aliyekuwa na njia ya kuupima angani. Kuhusu risasi, onyo alikuwa nalo, akalipuuza. Kuhusu gesi, hakuwa nalo. Fundi anayepanda ngazi leo na mabomba ya shaba begani amekwisha kupewa onyo hilo, na vifaa vya kulizingatia vipo.