Paul Galvin: Alifilisika mara mbili kabla ya kutuletea muziki kwenye gari

Ukipanda gari kutoka Sirari kuja Tarime mjini, au ukakata kupitia Nyamongo mpaka Mugumu wilayani Serengeti, ni nadra kusafiri kimya kimya. Na mwenye Prado au Crown mara nyingi haridhiki na redio iliyokuja na gari. Redio nyingi za magari yaliyotumika Japani zinaishia megahezi 90 za FM, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Basi anatafutwa fundi: redio mpya, amplifaya, sabufa, spika kila mlango.

Mtu aliyefanya muziki wa gari uwe biashara ya kweli alifariki zaidi ya miaka 60 iliyopita. Ni Mmarekani Paul Galvin, na safari yake haikuwa lelemama.

Alizaliwa Juni 1895 katika mji mdogo wa Harvard, jimbo la Illinois. Usiuchanganye na chuo kikuu maarufu. Akiwa mtoto aliuza bisi kwa abiria wa treni zilizosimama mjini kwao. Yaani kama vijana wetu wanaokimbilia madirisha ya mabasi stendi wakiwa na karanga na maji.

Alisoma Chuo Kikuu cha Illinois miaka miwili bila kumaliza, akapigana Vita ya Kwanza ya Dunia akiwa ofisa wa mizinga, kisha akarudi nyumbani.

Mwaka 1921 yeye na rafiki yake Edward Stewart walianzisha kiwanda cha betri huko Marshfield, Wisconsin. Mwaka 1923 kikafungwa kwa deni la kodi ya serikali. Inasimuliwa kwamba Galvin alitoka kula mchana, akirudi akakuta milango imefungwa na hakuruhusiwa kuingia hata kuchukua koti lake.

Wakajaribu tena Chicago. Safari hii walitengeneza kifaa cha kuwezesha redio za betri kutumia umeme wa nyumbani. Mwaka 1928 nayo ikafa. Mali ilipopigwa mnada, Galvin akajitokeza na dola 750 na kununua sehemu ya biashara ile ile iliyomshinda.

Septemba 25, 1928 yeye na mdogo wake Joseph wakafungua Galvin Manufacturing Corporation. Walikuwa na wafanyakazi 5 na dola 565 taslimu. Mwaka mmoja baadaye uchumi wa Marekani ukaporomoka.

Hapo ndipo wazo la redio ya gari likaja. Galvin hakuwa wa kwanza kuweka redio kwenye gari. Zilikuwepo, ila zilitengenezwa moja moja, kwa bei ya matajiri. Yeye alitaka redio itakayotengenezwa kwa wingi na kufungwa kwenye gari lolote.

Kazi haikuwa ndogo. Plagi za injini zilipotoa cheche, spika nazo zilikoroma. Betri za redio zilihitaji kutobolewa nafasi kwenye sakafu ya gari, na antena ilipitishwa ndani ya dari. Kufunga redio moja kuliweza kula siku kadhaa. Miongoni mwa waliohangaika na kazi hiyo ni Elmer Wavering, aliyekuja kuwa rais wa kampuni, na William Lear, ambaye baadaye alitengeneza ndege za Learjet.

Kisha kuna kisa cha Packard. Galvin alihitaji mkopo, akaona amfungie redio mwenye benki kwenye gari lake la Packard, moja ya magari ya kifahari ya enzi hizo. Inasimuliwa kwamba nusu saa baadaye gari likashika moto. Mkopo ukayeyuka.

Hakukata tamaa. Juni 1930 aliendesha Studebaker yake kutoka Chicago hadi Atlantic City, zaidi ya kilomita 1,200, kwenda kwenye mkutano wa watengeneza redio. Hakuwa na pesa ya kulipia banda. Akaegesha gari nje, akafungulia redio sauti ya juu, akawaita wapita njia wasikilize. Alirudi na oda.

Redio hiyo aliipa jina la Motorola. Iliuzwa dola 110 hadi 130, wakati Ford Model A nzuri ilikuwa takriban dola 540. Si bei ya mtu wa kawaida, lakini ilinunuliwa.

Mwaka 1936 kampuni ikatoa redio za magari ya polisi. Katika Vita ya Pili ya Dunia ikatengeneza redio ya mkononi ya kupigia na kupokelea, aina ya redio za upepo ambazo askari wa hifadhi kama Serengeti wanawasiliana nazo porini.

Lakini mafanikio hayakumkinga na msiba. Mwaka 1942 mke wake, Lillian, aliuawa nyumbani kwao Evanston. Galvin akarudi kazini na majonzi yake. Mwaka 1947 kampuni nzima ikachukua jina la Motorola. Alifariki Novemba 5, 1959 akiwa na miaka 64, akimwachia usukani mwanawe Robert. Mwaka 1973 kampuni hiyo hiyo ikaonyesha simu ya mkononi isiyo na waya. Unayosomea habari hii ni mjukuu wake.

Na Packard ya mwenye benki bado ina somo kwa mwenye gari Tarime au Mugumu. Amplifaya ya wati 1,000 kwenye umeme wa volti 12 inavuta zaidi ya ampia 80. Waya mwembamba utachemka mpaka uungue. Mwambie fundi aweke waya mnene wa shaba, fyuzi isiyozidi sentimita 45 kutoka kwenye betri, na mpira pale waya unapopenya bati. Asikate waya za kiwandani hovyo kama kuna soketi ya kuunganishia. Akisema fyuzi haina haja, washa gari uondoke.