BIBI FATUMA (R.A.), BINTI ALIYEMUUGUZA BABA YAKE

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Bwana wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Kwetu hapa mgonjwa akilazwa hospitalini, anayempikia na kumfulia ni mke, binti, mama au dada, naye hulala chini, kwenye mkeka, kando ya kitanda. Kila anayeingia huuliza hali ya mgonjwa. Ni wachache wanaouliza hali ya yule anayemlinda. Ijumaa ya leo tutazame maisha ya mtu aliyeijua kazi hiyo tangu utoto wake, Bibi Fatuma binti Muhammad (R.A.).

Alizaliwa Makka, na wanazuoni wengi wanamhesabu kuwa mdogo wa mabinti wanne wa Mtume (S.A.W.) na Bibi Khadija. Alikuwa bado msichana mdogo siku baba yake aliposujudu penye Al-Kaaba, na mmoja wa makafiri wa Kikuraishi akamwekea matumbo ya ngamia mgongoni, wenzake wakicheka. Fatuma alikuja, akauondoa uchafu ule kwa mikono yake, akawakemea wale wakubwa. Mwaka 619 Bibi Khadija akafariki, na nyumba ikabaki bila mama. Fatuma alishikamana na baba yake hata akaitwa Ummu Abiha, maana yake mama wa baba yake.

Baada ya Hijra ya mwaka 622 alihamia Madina. Mwaka 624 dada yake Ruqayya aliugua wakati jeshi linatoka kwenda Badri. Mtume (S.A.W.) alimwamuru mume wa Ruqayya, Sayyidna Uthman, abaki amuuguze mkewe, na baadaye akampa fungu lake la ngawira sawa na waliopigana. Ruqayya hakupona. Lakini ilibaki sheria wazi kwamba mwenye kuuguza hahesabiwi mtoro.

Mwaka huohuo Fatuma aliolewa na Sayyidna Ali. Mwaka 625, katika vita vya Uhudi, Mtume (S.A.W.) alijeruhiwa usoni na jino lake likavunjika. Ali alileta maji katika ngao yake, Fatuma akaosha jeraha. Alipoona maji yanazidisha damu, alichoma kipande cha mkeka, akaweka majivu yake juu ya jeraha, na damu ikakatika.

Nyumbani kwao hapakuwa na utajiri. Alisaga nafaka kwa jiwe hata mikono ikaota sugu, akateka maji kwa kiriba hata kamba ikamwachia alama mwilini, na watoto, Hasani na Huseini, wakamtazamia yeye. Siku moja mateka walifika Madina. Fatuma akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Hakumkuta, akamweleza Bibi Aisha shida yake, akarudi. Usiku ule Mtume (S.A.W.) aliwafuata wenyewe nyumbani, wakiwa wamekwisha lala. Walitaka kuinuka, akawaambia wabaki walipo, akaketi kati yao. Mtumishi hakuwapa, kwa kuwa maskini wa Suffa walikuwa na njaa. Aliwafundisha waseme kila wanapolala Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34. Sayyidna Ali hakuiacha dhikri hiyo tena, hata usiku wa vita vya Siffin, mwaka 657.

Mwaka 632 Mtume (S.A.W.) akashikwa na ugonjwa wake wa mwisho. Fatuma alikuja, baba akamkaribisha na kumketisha karibu, akamnong'oneza jambo, naye akalia sana. Akamnong'oneza tena, akacheka. Baadaye alieleza kwamba kwanza aliambiwa ajali ya baba yake imekaribia, kisha akaambiwa kwamba yeye atakuwa wa kwanza katika jamaa zake kumfuata. Maumivu ya baba yalimtesa moyoni, naye hakuyaficha. Baada ya maziko alimuuliza Anas jinsi nafsi zao zilivyoweza kumtupia udongo Mtume wa Allah.

Aliishi kama miezi sita tu baada yake. Wanahistoria wanasimulia kwamba Asma binti Umays alikuwa karibu naye katika siku zake za mwisho, akamtengenezea jeneza lenye kifuniko cha matawi ya mtende, kama alivyoona Uhabeshi, ili mwili wake usitiriwe. Alizikwa usiku.

Ndugu zangu, tunajifunza nini?

Kwanza, kuchoka si upungufu wa imani. Fatuma alichoka, akasema, akaomba msaada, wala hakukaripiwa. Mama anayeuguza mkwewe miaka mingi, au binti anayemgeuza baba aliyepooza, akisema amechoka asiambiwe kwamba hana subira.

Pili, wako wanaume wanaoshika habari ya mtumishi kuwaambia wake zao wafanye kazi na kunyamaza. Wasome vizuri. Mtume (S.A.W.) hakuwa na cha kutoa, lakini alikwenda mwenyewe usiku, akaketi na waliochoka, akawaacha wapumzike. Wewe mwenye nafasi, ukakosa hata kwenda, unamfuata nani? Kaka na dada wagawane zamu. Anayeuguza apate usiku wa kulala, chakula chake mwenyewe, na saa ya kuoga na kuswali kwa utulivu.

Tatu, kulia kunaruhusiwa. Fatuma alilia mgonjwa akiwa hai, akahuzunika baada ya kufa. Mlinzi wa mgonjwa hubaki na mikono mitupu siku matanga yanapokwisha, na hapo ndipo watu humwacha peke yake. Tuendelee kumtembelea.

Leo baada ya swala, kila mmoja amkumbuke nyumba moja yenye mgonjwa wa siku nyingi. Aende, na swali lake la kwanza liwe kwa yule anayeuguza.

Ee Allah, waponye wagonjwa wetu, watie nguvu wanaowauguza, na utufufue pamoja na Mtume wako na jamaa zake. Amin. Wabillahi tawfiq.